Makumbusho Ndani ya Simu: Goma Ianzie Wapi?

Mhadhara uliotolewa Goma, Kivu ya Kaskazini, mbele ya walimu, wanafunzi, wasanii na wazee wa mji

Wazee waombwe radhi mapema, maana mazungumzo ya leo yatataja simu mara nyingi. Yatataja pia mambo ambayo wao wanayafahamu kuliko mtu yeyote mwenye simu humu ndani, na ndiyo sababu wameombwa wakae mbele.

Shabaha ya mhadhara huu ni kueleza jinsi makumbusho yanavyotumia teknolojia ya kidijitali kuwavuta watu, kisha kupima ni lipi kati ya hayo linaifaa Goma. Msimamo wake utajwe tangu mwanzo. Mashine mpya huzoeleka haraka, na ikishazoeleka haimvuti mtu tena. Kinachomrudisha mtu ni kukuta kitu cha kwao, kukitambua, na kupewa nafasi ya kusema anachokijua juu yake. Makumbusho yanayotoa nafasi hiyo hupata watu hata kwa simu ya bei ndogo.

Jambo hili linaigusa Goma kwa namna ya pekee. Makumbusho ya Taifa ya Kongo, yaliyofunguliwa Kinshasa Novemba 2019 kwa msaada wa Korea Kusini wa dola milioni 21 hivi, yako zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Hakuna barabara ya kumfikisha mwanafunzi wa Goma huko. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege ukafungwa, hata mwenye pesa ya tiketi alilazimika kuzungukia nchi jirani. Mtoto anayesoma hapa kuhusu hazina za taifa lake anazijua kwa kusikia tu.

Kwanza: orodha hutangulia skrini

Kijana aliyekuja kusikia habari za miwani ya kidijitali na picha za pande tatu avumilie kidogo. Kazi ya kidijitali ya makumbusho huanzia kwenye orodha, kwani mtu hawezi kuvutwa na kitu asichojua kuwa kipo.

Februari 2022, Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu takriban 84,000 vya Kongo vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Miezi minne baadaye Mfalme Philippe alifika Kinshasa na kinyago kikubwa cha Kakuungu cha Wasuku, akakiacha katika Makumbusho ya Taifa kama mkopo usio na mwisho. Picha za kinyago hicho zilizunguka dunia. Orodha haikupata shangwe ile, ingawa ndiyo inayoweza kumwonyesha mtu wa Beni, wa Masisi au wa Walikale kwamba kuna kitu cha kwao ng'ambo, na kumpa pa kuanzia kukiulizia.

Wakenya wamekwenda mbali katika kazi hii. Kupitia International Inventories Programme, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na wenzao wa Ujerumani walikusanya katika hifadhidata moja taarifa za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 wakafanya maonyesho Nairobi juu ya vitu hivyo visivyokuwapo, na watu wakajionea ukubwa wa kilichoondoka.

Kwetu Kongo kuna sababu nyingine ya kuipenda orodha, na inauma. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha Kinshasa vitu 114 kutoka Tervuren. Miaka ya 1990, utawala wa Mobutu ulipokuwa ukisambaratika, maghala ya Taasisi ya Makumbusho ya Taifa yaliporwa, na baadhi ya vitu vilivyorudishwa vikaonekana tena kwenye soko la sanaa ng'ambo. Kitu kisicho na picha wala vipimo kikishavuka mpaka, nani atathibitisha kwamba kimeibwa? Mwaka 1994 Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilichapisha kitabu cha picha za vitu mia moja vilivyopotea Afrika, na baadhi vikatambuliwa na kupatikana. Hapo hapakuwa na programu yoyote ya ajabu. Palikuwa na picha nzuri na maelezo yaliyoandikwa kwa uangalifu.

Tuseme mama mmoja wa Rutshuru anacho kiti cha kuchonga alichoachiwa na babu yake. Kukiorodhesha sawasawa kunataka picha ya mbele, ya nyuma, ya ubavuni na ya chini, rula ikiwa pembeni ili kimo kionekane. Kunataka jina la mti. Kunataka alama zake: mguu uliopasuka, doa la moto, mahali palipong'aa kwa kukaliwa. Kisha yaje yale ambayo kamera haiyaoni: jina la kiti kwa lugha ya nyumbani, aliyekichonga, aliyekikalia, na nani hakuruhusiwa kukikalia. Jibu la swali hilo la mwisho halimo katika makabati mengi ya Ulaya, na mama huyo anaweza kulitoa kwa sentensi mbili.

Pili: mwenye kitu apewe sauti

Ni wangapi humu wamewahi kusikia habari za mfupa wa Ishango? Mikono iliyoinuka ni ya walimu wa hesabu karibu yote. Asanteni, walimu.

Ishango iko katika jimbo letu hili, ndani ya Hifadhi ya Virunga, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo wa rangi ya kahawia iliyokoza, wenye urefu wa sentimita 10 hivi, ncha yake moja ikiwa imepachikwa kipande cha jiwe la quartz. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000. Umechanjwa chale 168 katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Kila moja kati ya hizo mbili ikijumlishwa inatoa 60. Safu ya katikati ina mafungu manane, yakiwamo 3 na 6 yakiwa jirani, kisha 4 na 8, na jumla yake ni 48. Wataalamu wanabishana hadi leo: wengine wanaona hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine mikwaruzo ya kuzuia mkono usiteleze.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika Makumbusho ya Sayansi Asilia. Picha zake ziko kila mahali kwenye mtandao, na watoto wa shule za nchi za mbali wanaufanyia mazoezi ya hesabu. Lakini jaribuni kutafuta maelezo yake kwa Kiswahili au kwa Kinande, yaliyoandikwa kwa mwanafunzi wa Vitshumbi au wa Kyavinyonge, watu wanaovua samaki katika ziwa lile lile. Picha imeruka baharini na kurudi bila lugha ya pale ilipotoka. Hilo ni pengo la kidijitali kama lilivyo pengo la umeme, na hili la lugha linaweza kuzibwa na walimu watatu na simu moja.

Mfano wa kuigwa unahusu Nigeria. Novemba 2022 ilizinduliwa tovuti ya Digital Benin, inayoonyesha vitu zaidi ya 5,000 vya ufalme wa Benin vilivyotawanyika katika taasisi 131 za nchi 20, vingi vikiwa vimetoka katika uporaji wa Waingereza wa mwaka 1897. Waanzilishi wake hawakuishia kupanga picha. Waliweka majina ya vitu kwa Kiedo, lugha ya wenyeji, pamoja na sauti ya kuyatamka. Mtu wa Benin City anafungua ukurasa anasikia kitu kikiitwa kama bibi yake alivyokiita. Hapo teknolojia imefanya kazi ambayo kabati la kioo haliwezi kuifanya.

Rwanda nayo ilipokea kutoka Tervuren nakala za kidijitali za maelfu ya rekodi za zamani za muziki na nyimbo. Nyimbo hurudi kwa njia nyepesi kuliko vinyago, kwa kuwa hazihitaji kreti wala bima, na msanii kijana anaweza kuzisikiliza usiku huo huo akatunga kitu kipya. Wanamuziki wa Goma wanaosikia maneno haya wafikirie ni ngoma zipi za Kivu zimelala kwenye maghala hayo.

Tatu: picha nayo ina mwenyewe

Hoja hii ndiyo ngumu kuliko zote, na kisa chake bora kimetokea nchini mwetu, kwa hiyo tutakaa nacho.

Mwaka 1931 Wapende wa eneo la Kwilu waliasi dhidi ya kazi za shuruti na dhuluma za makampuni ya mawese na za maofisa wa kikoloni. Ofisa mmoja wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa. Serikali ya kikoloni ililipiza kwa kuua mamia ya Wapende. Katika siku zile mchongaji wa Kipende alichonga sanamu ya mti ya Balot, ili roho yake yenye hasira ifungiwe mle na kutumikishwa kwa faida ya watu. Sanamu ilinunuliwa Kongo mwaka 1972 na Mmarekani mmoja, na mwaka 2015 ikaingia katika Virginia Museum of Fine Arts, Marekani.

Kule Lusanga, mji ulioitwa Leverville wakati wa kampuni ya Lever, wafanyakazi wa mashamba ya mawese walikuwa wameunda chama cha wasanii, CATPC, ambacho rais wake alikuwa mwanamazingira René Ngongo. Walitaka sanamu ije Lusanga, ionekane na wajukuu wa waasi. Februari 2022 wakachukua picha zake zilizokuwa kwenye tovuti ya makumbusho yale, wakatengeneza hati 306 za kidijitali za aina ya NFT na kuziuza, kwa azma ya kununua tena ardhi iliyochoshwa na mashamba na kuipanda miti upya. Makumbusho ya Virginia yalilalamika hadharani kwamba picha zake zimetumiwa bila idhini.

Tulitafakari lalamiko hilo kwa utulivu, wapendwa wasikilizaji. Makumbusho yanamiliki mti, yamepiga picha, yanadai haki juu ya picha. Wapende wametoa mchongaji, wametoa waliokufa, wametoa sababu ya sanamu kuwapo, nao wanaambiwa waombe ruhusa ya kuonyesha kivuli chake. Sheria ya hakimiliki inaweza kuwa na jibu lake. Mhadhara huu unasimama upande wa Lusanga.

Kisa hakikuishia kwenye ugomvi. Mwaka 2024 sanamu ya Balot iliazimwa kwa miezi kadhaa na kuonyeshwa Lusanga, katika jengo jeupe la maonyesho lililofunguliwa mwaka 2017 katikati ya mashamba ya zamani. Wakati huo huo CATPC walikuwa wageni wa banda la Uholanzi katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, na kamera ikaunganisha kumbi mbili moja kwa moja. Mtalii aliyesimama Venice aliiona sanamu kwenye skrini tu. Kitu chenyewe kilikuwa Lusanga, mbele ya wenyewe. Kwa miaka mingi sisi ndio tuliobaki na picha na makumbusho ya ng'ambo yakabaki na kitu. Safari hii kamera iligeuzwa.

Somo kwa Goma ni la vitendo. Kabla taasisi yoyote ya kutoka nje haijaja na mashine zake kupiga picha vitu vyetu, iandikwe kwenye karatasi: faili zitakaa wapi, nani ataruhusu zitumike, nakala itabaki kwa nani, na mapato yakipatikana yatagawanywaje. Maswali hayo yaulizwe hata kwa kazi nzuri. Mwaka 2019 Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Google zilizindua mkusanyiko wa mtandaoni wa Utamaduni Wetu, wenye hadithi za mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya, na watoto wengi wamefaidika nao. Hata hivyo jengo linalobeba hazina hiyo ni la kampuni, na mwenye jengo ndiye mwenye ufunguo.

Nne: makumbusho yanaweza kuanza bila jumba

Mtu atauliza, na pengine tayari mzee mmoja wa mstari wa mbele anauliza moyoni: sisi tuna majirani waliokimbia vita, shule zinazovuja, na mnatuletea habari za makumbusho? Swali ni halali. Jibu ni kwamba kumbukumbu hupotea haraka kuliko wakati wowote pale watu wanapohamahama, na kazi ya kuiokoa kwa teknolojia iliyopo inagharimu kidogo sana.

Nchini Kenya, mwaka 2018, Wakenya na Waingereza wachache walianzisha Museum of British Colonialism, makumbusho yasiyo na jumba. Walikwenda Nyeri, kwenye kambi za Mweru na Aguthi walikofungiwa watu wakati wa vita vya Mau Mau, ambazo leo ni shule. Walipima majengo yaliyobaki, wakawasikiliza wazee waliofungwa, wakachora kambi upya kwa picha za pande tatu kwenye kompyuta. Mwanahistoria Chao Tayiana Maina, mmoja wa waanzilishi, alipata tuzo ya Dan David mwaka 2023. Mwanafunzi wa shule hizo sasa anaweza kuona mahali anaposoma palikuwa nini kabla hapajawa shule.

Uganda wamefanya jambo jepesi zaidi. Tangu 2011 mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, umekuwa ukikusanya picha za zamani kutoka kwa familia na wapiga picha, kuzinakili na kuziweka Facebook. Watu wanatazama, mmoja anaandika kuwa huyu wa kushoto ni shangazi yake, mwingine anataja jina la shule, wa tatu anasahihisha mwaka. Maelezo ya picha yanaandikwa na waliokuwapo. Ni mafundi wangapi wa makumbusho makubwa wangetamani kupata maelezo ya namna hiyo!

Sasa tuitazame Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata mji katikati hadi Ziwa Kivu. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaliunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikawaacha watu zaidi ya laki moja bila nyumba. Mji uliokuwa chini ya lava ile ulikuwa na maduka, vibanda vya picha, baraza za nyumba, bustani. Mtu aliyezaliwa baada ya hapo anatembea juu yake bila kujua. Zilizobaki ni picha ndani ya masanduku: harusi, komunio ya kwanza, timu ya mpira, gari jipya mbele ya duka. Nyuma ya bwana harusi mara nyingi kuna kitu ambacho mpiga picha hakukilenga, nacho ndicho tunachokitafuta: kibao cha duka, kona ya barabara, mti uliokuwapo.

Picha hizo zikinakiliwa kwa simu, mchana, juu ya kitambaa cheupe, bila mwali wa kamera, zikapangwa kwa barabara na kwa kartie, Goma ya kabla ya 2002 itaanza kuonekana tena. Mlipuko wa 22 Mei 2021 ni tofauti: ule ulirekodiwa na maelfu ya simu usiku ule ule lava ilipoteremka hadi Buhene. Video hizo zinafutika kila siku simu zinapoibiwa, kuharibika au kujaa. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kina vipimo vya mlima; wananchi wana mlima ulivyoonekana kutoka mlangoni mwao. Vitu hivyo viwili havijawekwa pamoja inavyotakiwa.

Na wataalamu wa kamera hatuwakosi. Yole!Africa, iliyoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, imewafundisha vijana wa mji huu filamu na muziki tangu 2002, mwaka ule ule wa lava. Kilichokosekana ni kuwakutanisha vijana hao na masanduku ya wazazi wao.

Tano: tahadhari chache

Hili litapitiwa haraka, si kwa kuwa ni dogo. Mega za mtandao ni ghali na umeme hukatika, kwa hiyo kinachotengenezwa kwa ajili ya Goma kiwe chepesi: picha iliyopunguzwa uzito, maelezo mafupi, sauti ya dakika mbili inayopita WhatsApp, na nakala kwenye kadi ya kumbukumbu kwa shule isiyo na mtandao. Faili asili zibaki na ukubwa wake mahali pawili au patatu tofauti, hata nje ya mji.

La pili ni usalama wa watu. Hifadhi ya kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofunguliwa mtandaoni mwaka 2010, inaonyesha kwamba ushuhuda mzito unaweza kutunzwa kwa heshima. Katika mji wenye vita, uso na jina vinaweza kumponza mtu. Anayesimulia aamue mwenyewe kipi kionekane leo, kipi kisubiri, na awe na haki ya kuondoa alichokitoa.

Mbele yetu

Kuna tarehe inayotufaa. Januari 2027 itatimia miaka 50 tangu Nyiragongo ilipopasuka tarehe 10 Januari 1977, na miaka 25 tangu mlipuko wa 2002. Walioona milipuko hiyo miwili wakiwa watu wazima wanapungua kila mwaka. Inapendekezwa kwamba shule za sekondari za Goma zigawane kartie, kila darasa lichukue barabara zake, na kila mwanafunzi alete picha moja ya kabla ya 2002 pamoja na sauti ya mtu aliyemo ndani ya picha au anayewajua waliomo. Walimu wa historia wasimamie majina na tarehe, walimu wa jiografia waziweke kwenye ramani, vijana wa filamu wasahihishe mwanga. Walimu wa hesabu, mlioinua mikono, mnaombwa kutayarisha somo la mfupa wa Ishango kwa Kiswahili, na mwenzenu yeyote wa Lubero au Butembo atusaidie kwa Kinande.

Kwa leo, meza mbili zimewekwa upande wa dirisha. Ya kwanza ina daftari la kuandikisha familia zenye picha za zamani. Picha asili hazitachukuliwa, zitanakiliwa mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake papo hapo. Ya pili ni ya wazee walio tayari kusimulia, na vijana wawili wako hapo na kinasa sauti kilichokwisha chajiwa.